Maji Yasiyo na Kishindo: Wakulima Wanawake wa Ainabkoi na Elimu ya Mtaro

Mtu wa Budalang'i, ambako Mto Nzoia huvunja kingo, akiambiwa kwamba Ainabkoi nako kuna mafuriko, atauliza maji hayo yalipandaje mlima. Ana haki ya kuuliza. Ainabkoi iko mashariki mwa kaunti ya Uasin Gishu, kwenye uwanda wa baridi ambako reli ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hufikia kilele chake karibu na Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kuteremka. Mwezi wa Julai watu wa huku hawavui koti. Hakuna ziwa la kufura, wala mto mpana wa kubomoa kingo, na zile picha za familia zilizokaa juu ya paa zikingoja boti hazipigwi huku.

Lakini muulize mwanamke aliyepanda viazi mwezi wa Machi. Atakueleza habari ya maji yanayokuja bila kelele na kukaa. Mvua inanyesha mchana kutwa, usiku inarudi, na asubuhi shamba linang'aa kama sufuria iliyojazwa. Siku ya tatu bado linang'aa. Baada ya siku chache majani ya mahindi yanaanza kugeuka manjano kutoka chini kwenda juu, na maharagwe yameshalala. Kiazi ukikifukua kinatoka laini, na harufu yake hubaki kwenye vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni. Gharika ya Ainabkoi humwacha mtu ndani ya nyumba yake na kumla msimu wake.

Kwa kuwa haina kishindo, haihesabiwi. Serikali na mashirika wanapoorodhesha maafa, huhesabu waliokufa, waliohama, na nyumba zilizosombwa. Gunia kumi za viazi zilizoozea ardhini haziingii kwenye orodha hiyo, na aliyezipoteza huambiwa amepata mavuno mabaya, kama vile ni bahati yake tu. Mimi naona hilo ni kosa kubwa, na ndilo linalofanya elimu ya wanawake hawa isionekane. Maafa yakishakosa jina, ujuzi wa kupambana nayo nao hukosa jina.

Tuanze na ardhi yenyewe. Jina Ainabkoi, kwa Kikalenjin, limeunganisha mto na mawe, na waliolitoa walijua wanachosema. Uwanda wa Uasin Gishu umekaa juu ya mwamba wa volkano ya kale, na sehemu nyingi chini ya udongo mwekundu kuna tabaka gumu la murram. Mvua ya huku hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka kati ya Machi na Septemba. Maji yakishuka hupenya udongo wa juu, hugonga murram, na kwa kuwa hayana pa kwenda, hutambaa kando kando hadi yapate bonde. Pasipo na mteremko, hayatambai. Yanakaa.

Juu ya tabaka hilo la asili, binadamu ameongeza lake. Trakta ya kukodi huja Januari au Februari na plau ya sahani, hulima kina kile kile, mwaka baada ya mwaka, na uzito wake hukanyaga udongo ulio chini ya plau hadi ukawa kama sakafu. Ukichimba kwa jembe utaisikia: jembe linaingia vizuri kiasi cha shubiri moja, kisha linagonga na kurudi. Wataalamu wana majina yao kwa sakafu hiyo. Kina mama husema tu kwamba ardhi imekataa maji. Ni maelezo sahihi kabisa, tena yanaonyesha wameligundua tatizo kwa mkono. Ipo plau ya meno inayopasua sakafu hiyo, lakini anayekodi trakta na kuamua itie plau gani kwa kawaida ni mwenye shamba, na hilo tutalirudia.

Sasa tazama jinsi mtaro unavyochimbwa, maana hapa ndipo ujuzi ulipo. Asiyejua huchimba mtaro wakati wa kiangazi kwa kukisia. Anayejua hungoja mvua. Mvua ikiwa katikati ya kunyesha, hutoka na gunia la plastiki alilolikunja likawa kofia na joho, amevaa gambuti, ameshika fungu la vijiti. Haendi kulima, anakwenda kutazama. Huangalia maji yanaingilia wapi kutoka kwa jirani wa juu, yanagawanyika wapi, yanasita wapi. Kila yanaposita huchomeka kijiti. Akirudi nyumbani ameloa mpaka mifupani, lakini shambani ameacha ramani. Mvua ikikatika, jembe hufuata vijiti.

Mtaro wenyewe hauchimbwi usawa wa maji kabisa, wala hauteremshwi moja kwa moja. Ukilala sawasawa unageuka dimbwi refu. Ukiteremka sana unakuwa korongo baada ya misimu miwili. Unapewa mwinamo mdogo, kiasi kwamba maji yatembee bila kukimbia. Kipimo ni jani: unaliangusha majini, nawe unatembea kando yake kwa mwendo wa mtu anayeenda kisimani. Likikuacha, mtaro una haraka kuliko inavyotakiwa. Kabla maji hayajatoka shambani, huchimbwa shimo la kina mwishoni, na hapo udongo mzuri uliosombwa hutua. Kiangazi shimo hilo huzolewa, na udongo hurudishwa kwa karai hadi juu ulikotoka. Kwenye ukingo hupandwa nepia, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha ng'ombe. Kwa hiyo mtaro mmoja unatoa maji, unatunza udongo, na unaleta maziwa. Sijaona kazi ya uhandisi inayofanya mambo matatu kwa gharama ya jembe moja na mgongo wa mtu mmoja.

Linganisha na jambo linalojulikana zaidi. Kiswahili kimeipa sayansi ya udongo neno ambalo wataalamu wa dunia nzima hulitumia bila kulitafsiri: fanya juu. Ni mtaro unaofuata usawa wa mlima huku udongo wake ukitupwa upande wa juu, ili baada ya miaka shamba lijitengeneze kuwa ngazi. Ulienea Machakos kuanzia miaka ya 1950, na vikundi vya kusaidiana kazi vya mwethya, vilivyojaa wanawake, ndivyo vilivyouchimba kilomita kwa kilomita. Lakini fanya juu ya Machakos ni mtaro wa mtu mwenye kiu: kazi yake kuu ni kuyazuia maji yasiondoke. Ukiubeba kama ulivyo ukauleta kwenye shamba la Ainabkoi linalotuama, umechimba kaburi la viazi. Afisa wa kilimo aliyefundishwa kwamba kila mtaro ni lazima ulale usawa anaweza kuwa amesoma vizuri na bado akakosea shamba hili. Mwanamke aliyeuinamisha kidogo hakukosea kufuata maagizo. Aliyasahihisha.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye neno tunalolitumia kwa urahisi sana: maarifa ya jadi. Hupenda kutamkwa kwenye semina kana kwamba kuna bibi mmoja wa kale aliyekaa chini ya mti akayapokeza yote kwa mabinti zake. Historia ya Ainabkoi hairuhusu hadithi hiyo. Kabla ya ukoloni uwanda huu ulikuwa malisho. Wamaasai wa Uasin Gishu ndio walioupa jina. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na kwa zaidi ya nusu karne ardhi hii ikawa mashamba makubwa ya ngano na mahindi ya walowezi. Wakulima wadogo walijipatia mashamba baada ya uhuru, kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Wakeiyo walipanda kutoka kwenye ukingo wa bonde, ambako mteremko ni mkali na udongo hukimbia. Wanandi walitoka upande wao. Wakikuyu wengi walikuja kutoka Mkoa wa Kati, au kutoka misituni walikokuwa wakilima chini ya mfumo wa shamba, mkulima akipanda mazao kati ya miche ya miti.

Kwa hiyo elimu ya kulima kwenye maji haya ina umri wa vizazi viwili au vitatu tu, na imeshonwa kwa vipande vya nguo tofauti. Mmoja alileta habari ya mteremko, mwingine habari ya viazi na matuta, mwingine habari ya ng'ombe kwenye majani mabichi. Waliipata kwa kukosea. Kuiita ya mahali ni sawa. Kuiita ya jadi ni kuwanyima wenyewe sifa ya kuibuni. Tena kuna hatari ndani ya neno hilo, kwa sababu kitu cha jadi huhifadhiwa, na elimu hii haihitaji kuhifadhiwa. Inahitaji kuendelea kujaribiwa, kwa kuwa mvua zenyewe zimebadilika.

Zimebadilikaje? Mkulima wa Ainabkoi hukabili gharika mbili, na si za namna moja. Ya kwanza ni gharika ya kupanda, ile ya Machi hadi Mei, kama ya mwaka 2024 iliyoua karibu watu 300 nchini Kenya na kuvunja barabara kila upande. Ya pili ni gharika ya kuvuna, ya Oktoba hadi Desemba, ambayo huja Bahari ya Hindi upande wa Afrika inapopata joto kuliko kawaida, hasa ikikutana na El Niño. Ilikuja mwaka 1961, mvua ambazo wazee wanazikumbuka pamoja na habari za uhuru, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata. Ikaja tena mwaka 1997, ikaja 2019, ikaja 2023. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoichunguza hiyo ya 2023, waliona mabadiliko ya tabianchi yameongeza ukali wake, pengine hadi mara mbili.

Kwa gharika ya kupanda, elimu ya huku ina majibu mengi. Viazi hupandwa juu ya matuta yaliyoinuliwa kuliko kawaida, na mbegu hufunikwa udongo kidogo ili isizame kwenye ubaridi. Mbegu ya mwaka ujao huchaguliwa kutoka kwenye mashina ya sehemu iliyoinuka, maana kiazi kilichokulia majini kinaweza kuonekana kizima leo na kuleta ugonjwa kesho. Mbolea ya kukuzia haitiwi kabla ya mvua kubwa, kwa sababu itaondoka na maji. Husubiriwa siku mbili tatu za jua, hata kama jirani ameshatia. Shangi, kiazi kinachopendwa sokoni kwa kukomaa haraka, hupandwa na wengine kwa zamu, kipande leo na kipande baada ya wiki mbili, ili mvua ikiharibu kimoja isiharibu vyote. Mahali ambapo ndago imeota yenyewe, au ambapo alama ya kwato hujaa maji mara tu ng'ombe anapoondoa mguu, hapapandwi maharagwe kabisa.

Kwa gharika ya kuvuna, majibu ni machache, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Uasin Gishu ina msimu mmoja mkuu wa mahindi. Mwaka wa kawaida, Oktoba ikiisha mvua zinapungua, mahindi hukatwa na kusimamishwa marundo marundo kama mahema madogo shambani, upepo mkavu huyamalizia. Utaratibu wote huo unategemea jua. Novemba 2023 jua halikuja. Mahema yale yakalowa, punje zikachipua zikiwa bado kwenye gunzi, na ukungu ukaingia, ukungu ule ule unaoweza kuacha sumu ya aflatoksini ndani ya unga. Bodi ya nafaka hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5; mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai kati ya mvua mbili hayafiki hapo. Serikali ilinunua mashine za kukaushia zinazohamishika, nazo zilisaidia zilikofika. Lakini mwenye gunia kumi, anayeishi kilomita nane kutoka barabara ya lami, kwenye njia iliyogeuka tope, hukokotoa nauli ya kwenda na kurudi na kuamua kuanika juu ya jiko. Wanawake walibeba magunzi hadi jikoni, wakayapanga darini juu ya moshi, wakayageuza kila jioni. Waliokoa chakula cha nyumbani. Mahindi ya kuuza hayaenei jikoni.

Maziwa ndiyo yaliyokuwa na bima ya zamani. Barabara ikikatika, gari la kukusanya maziwa haliji, na ng'ombe hajui kusubiri. Hapo sotet, kibuyu cha maziwa, hutolewa. Husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, hufungwa, na baada ya siku kadhaa ni mursik, maziwa ya kuganda. Watalii huiona mursik uwanja wa ndege, bingwa wa mbio akinyweshwa mbele ya kamera. Katika juma la mvua mwanamke anayakinga kwa kibuyu hicho maziwa ambayo yangemwagwa. Ujuzi huu ni wa kale kweli, na hapa neno jadi lina haki yake.

Na utabiri? Watafiti wakija kuuliza habari za maarifa ya mahali, mara nyingi hili ndilo la kwanza, na mara nyingi hupelekwa kwa wazee wanaume wanaosoma anga. Mfano maarufu nchini ni ukoo wa Nganyi wa Bunyore, kaunti ya Vihiga, ambao tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 umekaa meza moja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabianchi cha IGAD, wakilinganisha dalili za msituni na takwimu za setilaiti ili watoe neno moja kwa wakulima. Ni kazi njema. Ainabkoi nako kuna dalili: kumbikumbi kutoka kwa wingi, siafu kuhamisha mayai kwenda juu, na ule mti wa maua mekundu kama makaa ambao Wakikuyu huuita muhuti na Wakalenjin korkorwet, ukichanua kabla ya mvua ndefu. Lakini dalili hizi husema mvua iko njiani. Hazisemi itakuwa kiasi gani, wala itakwisha lini, na gharika ni suala la kiasi. Katika miaka ya karibuni utawasikia kina mama wenyewe wakisema mti umechanua bure. Kwa hiyo wanasikiliza redio pia, Kass FM au Chamgei FM asubuhi wakikamua, na kulinganisha.

Redio nayo ina siku zake. Mwaka 2023 idara ya hali ya hewa ilionya kuhusu El Niño. Mwezi Oktoba kauli ikatoka juu kabisa serikalini kwamba haitakuja kwa ukali ule uliotazamiwa. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya 100 nchini. Mkulima aliyekuwa ameanza kuharakisha mavuno kisha akatulia baada ya kauli ile alipoteza mara mbili: mahindi, na imani. Imani ikipotea, mwaka unaofuata hata tahadhari ya kweli husikilizwa kwa sikio moja. Elimu ya ardhi, ile ya vijiti na mtaro, haina udhaifu huo, kwa kuwa haikisii mvua. Inasema, mvua yoyote ikija, maji yatapita hapa. Ndiyo maana naiona kuwa na thamani kuliko elimu ya dalili, na nasikitika kwamba inaulizwa mara chache zaidi.

Tufike sasa mahali pagumu. Mtaro mzuri huyatoa maji shambani, na yakitoka huingia kwa jirani. Hapo ndipo jembe la mwanamke linapogota, hata pasipo na murram. Asubuhi mtu husimama kwenye ua na kuita, kwa heshima zote: "Mama, maji yako yameingia kwangu." Wote wawili wanajua maji si ya yeyote. Wanajua pia kwamba dawa ni mtaro mmoja upitao mashamba matatu au manne hadi bondeni, na pengine wameshaonyeshana kwa kidole utakapopita. Lakini kuukata kunahitaji kila shamba litoe ukanda wa ardhi, na anayetoa ardhi ni mwenye hati. Mwenye hati huenda yuko Eldoret, au Nairobi, au ni baba mkwe asiyeona sababu ya kupoteza mistari miwili ya mahindi kwa ajili ya mboga za mwingine.

Takwimu zipo. Shirika la Kenya Land Alliance lilipochunguza hati zaidi ya milioni 1 kati ya zile zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017, liliona wanawake wamepata asilimia 10.3 ya hati, na kwa ukubwa wa ardhi asilimia 1.62 tu. Katiba ya 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi ukomeshwe. Kati ya ibara hiyo na ukanda wa mtaro kuna umbali mrefu. Mwanamke anaamua mbegu iende tuta lipi. Haamui trakta itie plau ya namna gani, wala mtaro uvuke mpaka, wala chepechepe ibaki chepechepe.

Hilo la chepechepe linaniuma zaidi. Mara nyingi kipande kinachoachiwa mama wa nyumba kwa mboga ni kile cha chini, chenye maji, kisichofaa mahindi. Masika hakifai kitu. Lakini Januari na Februari, uwanda wote ukiwa umekauka, hapo ndipo penye sukuma, managu na saga, na fedha kidogo ya karo. Warufiji wa Tanzania wana neno kwa kilimo cha namna hii, mlau: mazao yanayopandwa katika unyevu unaoachwa na mafuriko yanaporudi nyuma. Walijenga madungu juu ya nguzo wakalinda mashamba yao humo bondeni, na gharika kwao ilikuwa sehemu ya kalenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ikawahamisha bondeni na kuwapandisha vilimani kwa nia ya kuwaokoa, na mashamba ya mlau yakawa mbali na nyumba. Wapokomo wa Mto Tana nao hupanda mpunga kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka. Kote huko maji yanayoharibu na maji yanayolisha ni yale yale, yakitofautiana miezi.

Ainabkoi tishio la kipande hicho ni mkaratusi. Mwenye shamba huona chepechepe kama ardhi iliyolala, hupanda mikaratusi ikauke, na baada ya miaka kadhaa huuza nguzo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, kwa sababu hunywa sana. Amri ilipita, miti mingi ilibaki. Mikaratusi ikishashika, chemchemi ya kuteka maji ya kunywa hushuka, bustani ya kiangazi hufa, na bado masika maji hutuama, maana mti haunywi mvua ya siku moja. Mwenye hati amepata nguzo. Aliyepoteza bustani hana mahali pa kuandika hasara yake.

Kuna jambo lingine linalokata mtaro, na kulinyamazia kungekuwa uongo. Mji wa Burnt Forest, huku huku Ainabkoi, na vijiji vya jirani vilichomwa katika ghasia za kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walikimbia, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Mtaro wa pamoja unahitaji majirani wanaoaminiana kiasi cha kuachiana ukanda wa ardhi, na kila mtu akitazama jirani yake kama mtu anayeweza kuondoka au kumwondoa, hakuna anayechimba kitu cha kudumu. Wakalenjin wana kokwet, baraza la majirani. Wakikuyu wana ngwatio, kazi ya kusaidiana kwa zamu. Vyombo vyote viwili vimekwisha kuchimba mitaro. Vyama vya akina mama, vile vya kuchangiana kila Alhamisi, ndivyo ambavyo mara nyingi huwachanganya wa jamii hizi mbili, na si ajabu kwamba mitaro iliyovuka mpaka wa jamii ilianzia humo. Mwenzako wa chama akishakuletea sahani za kukaribishia wageni, kumwomba njia ya maji si kazi kubwa.

Na maji yakishafika bondeni? Yale ya upande wa Kaptagat huingia Sosiani, hupita katikati ya mji wa Eldoret chini ya madaraja yaliyojaa plastiki, hukutana na Kipkaren, kisha Nzoia, na safari yake huishia Budalang'i, kwa yule mtu tuliyeanza naye, ambaye kingo za mto wake zimevunjika zaidi ya mara moja katika miaka hii. Mwanamke wa Ainabkoi akiharakisha maji yake kupita kiasi, anamwongezea mwenzake. Akiyafanya yatembee, na shimo la mwisho likakamata udongo, mto unafika chini taratibu na bila tope jingi. Hakuna anayemlipa kwa hilo. Kwenye mipango ya bonde la Nzoia fedha kubwa huenda kwenye kingo za chini, na wa chini wanazihitaji kweli. Lakini ukingo hupokea kilichotumwa kutoka juu, na huku juu wachimbaji wanatumia jembe lao na mgongo wao.

Njia ya kuwafikia ipo. Mpango wa FLLoCA, wa kugharamia hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2021, umeunda kamati za tabianchi katika kila wadi, na wanawake wana nafasi humo. Swali ni miradi gani huletwa mezani. Kamati hupenda kitu kinachoonekana na kuzinduliwa: tangi, kisima, kitalu cha miche. Mtaro wa mita 400 unaovuka mashamba matano haukatwi utepe, na kabla ya jembe la kwanza unahitaji karatasi tano zenye sahihi. Ningependa kuona fedha zikilipia karatasi hizo: mpimaji, chifu, mwanasheria wa kaunti, na mapatano ya njia ya maji yaliyoandikwa ili aliyekubali leo asiufukie mtaro kesho, na anayenunua shamba ayanunue pamoja nalo.

Pia kuna kalavati. Barabara za murram hukarabatiwa kiangazi, greda likipita na mkandarasi akichimbia mabomba ya saruji chini ya barabara kila baada ya umbali fulani uliopangwa ofisini. Bomba likikaa pasipo pake, hukusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga kwenye bustani moja. Nimesimama kwenye mdomo wa bomba la namna hiyo mwezi wa Mei. Maji yalikuwa yamekata korongo lililofika kiunoni kwangu kupitia kabichi, na pembeni mwa korongo, kwenye udongo uliobaki, kulikuwa na vijiti vitatu vimechomekwa. Vilikuwa vimeanza kuota ukungu. Vilionyesha mahali ambapo maji yalikuwa yakipita kabla ya barabara, hatua kama ishirini kutoka bomba lilipowekwa.